Mkojo niliousahau

Najua nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo. Niko zamu za usiku idara ya dharura. Nikitoka asubuhi nalala kama gogo, nikiamka ni jioni, na kafeteria imebaki na wali maharage uliokauka pembeni.

Leo naandika habari za mkojo. Msicheke, maana hii habari imeninyima usingizi wiki nzima.

Usiku wa Jumanne, saa tatu na kitu, binti mmoja alimleta mama yake kwa bajaji. Mama wa miaka kama hamsini na tano hivi. Anasinzia, ukimwuliza jina lake anakutajia la dada yake. Ametapika siku mbili. Homa hana, kipimo cha malaria safi, sukari 5, presha iko chini kidogo. Binti akasimulia kwamba mama alikuwa na maumivu ya mgongo, jirani akamwambia hizo ni figo zimechoka na dawa yake ni maji. Basi wiki tatu mama anakunywa maji, lita saba mpaka nane kwa siku, kama vile analipwa. Chakula karibu amekiacha, anakunywa uji mwepesi tu.

Yote hayo niliyaandika kwenye faili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kuyafikiria ndiyo sikuyafikiria.

Daktari wa zamu alikuwa anakimbilia ajali ya bodaboda. Akaniambia akiwa anatembea, "Damu, mkojo, halafu dripu ya chumvi. Kwa mpangilio huo." Nikatoa damu. Mkojo, mama akashindwa. Sista akasema, "Dokta, tumwekee mpira?" (Wanatuita dokta hata kama juzi tu umefanya sapu ya fiziolojia.) Nikasema tumpe muda kidogo, atakojoa tu. Nikafungua dripu.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nakichezea. Osmolaliti ni hesabu ya chembechembe zilizoyeyuka kwenye kila kilo moja ya maji. Kwenye damu inatakiwa iwe kati ya 275 na 295. Mashine yake, osmomita, inapoza sampuli mpaka igande, kwa sababu maji yenye vitu ndani yanachelewa kuganda. Damu ya kawaida inaganda kama nyuzi 0.54 chini ya sifuri. Hospitali niliyopo mashine hiyo haina, sampuli inapelekwa maabara nyingine na majibu yanakuja kesho yake. Kwa hiyo usiku tunapiga hesabu kwa mkono: sodiamu mara mbili, jumlisha sukari, jumlisha yurea. Sodiamu inazidishwa mara mbili kwa sababu haitembei peke yake, kila moja ina mwenzake wa kumshika mkono, kloridi au bikaboneti.

Majibu ya damu yalirudi saa sita usiku. Sodiamu 111. Ya kawaida inaanzia 135. Nikapiga hesabu kwenye simu: 222, na 5, na 3. Jumla 230. Damu ya mama ilikuwa imezimuliwa kama chai ya bwenini.

Lakini damu inakwambia tu kwamba maji yamezidi chumvi. Haikwambii kwa nini. Hapo ndipo mkojo unapoongea. Figo nzima inaweza kuuzimua mkojo mpaka karibu 50, na ikibana inaufikisha kama 1200. Kama damu imezimuliwa na mkojo uko chini ya 100, figo zinafanya kazi yake, zinahangaika kutoa maji, na tatizo ni yanayoingia na chakula kisichoingia. Kama mkojo ni mzito, basi kuna homoni inaziamuru figo zishike maji. Labda mgonjwa ameishiwa maji na chumvi kwa kutapika, labda ni kitu kingine. Matibabu ya hao wawili hayafanani.

Mama alikojoa saa tano na nusu, dripu ikiwa imeshaingia lita moja na zaidi. Tukachovya kijiti. Uzito 1.005, yaani mkojo mwepesi sana. Nikamkimbilia daktari na furaha zote, nikamwambia ni maji tu aliyokunywa. Akaniuliza swali moja: mkojo huu ni wa kabla ya dripu au wa baada?

Wandugu, nilinyamaza.

Mtu aliyekaukiwa naye akipewa lita ya chumvi, ile homoni inazimika na mkojo unakuwa mwepesi vilevile. Kijiti changu kilikuwa kinasema kweli kuhusu mgonjwa wa saa tano na nusu. Mgonjwa wa saa tatu, ambaye ndiye tulitakiwa tumwamulie, nilikuwa nimeshamfuta.

Na kibaya zaidi ni hiki. Kila lita ya mkojo lazima ibebe angalau chembe 50. Mtu anayekula kawaida anaingiza 600 mpaka 900 kwa siku, kwa hiyo ana uwezo wa kukojoa lita kumi na mbili na zaidi. Mtu wa uji mwepesi, tuseme anapata 200, mwisho wake ni lita nne. Akinywa nane, nne zinabaki mwilini. Sasa lita moja ya dripu ya chumvi ina chembe 308. Gawanya kwa 50. Nilikuwa nimemfungulia mama mlango wa kutoa lita sita kwa mkupuo.

Na zikatoka. Tuliweka mpira, na kufikia saa nane usiku mfuko ulikuwa umejaa mara ya pili. Tukarudia damu: 118. Imepanda saba ndani ya saa tano, wakati kwa mtu kama huyu hatutaki izidi nane kwa siku nzima. Ubongo uliokwisha kuzoea maji ukinyang'anywa haraka, ute unaofunika neva unaharibika, na dalili zinakuja siku kadhaa baadaye: mtu anashindwa kumeza, anashindwa kuongea, viungo vinalegea. Daktari akafunga dripu ya chumvi, akaweka ya sukari ili kurudisha maji taratibu, na damu ikapimwa kila saa mbili. Saa tatu asubuhi ikasoma 117. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea.

Wakati tunasubiri aliniambia hadithi ya saa iko pia kwenye damu. Mei 2014 huko Kenya watu wengi walikufa, wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli haimo kwenye ile hesabu yetu ya mkono, ila osmomita inayogandisha inaiona, na ile tofauti kati ya mashine na hesabu ndiyo inayokushtua. Lakini mgonjwa akichelewa, methanoli inageuka asidi na tofauti inayeyuka. Namba inakuwa nzuri, mtu anapofuka.

Kesho yake jioni majibu ya ule mkojo yalikuja kutoka maabara ya nje: 92. Nimekibandika kile kikaratasi ukutani juu ya kitanda changu, rumeti anadhani ni maksi zangu.

Siku tano nilikuwa napita wodini kabla ya kwenda kulala. "Shikamoo mama." Nasikiliza ile "marahaba" kama mtu anayekagua noti bandia. Imenyooka au imevutika? Nampa kijiko cha uji, natazama koo. Siku ya nne sodiamu 131 na majina ya watoto wote watano. Siku ya sita akanishika mkono kwa nguvu akauliza kwa nini wanamletea kikombe kimoja tu cha maji, na mchuzi huu nani ameupika.

Nikamwambia mama, mchuzi kula wote.

Haya, bumu halijaingia na zamu inaanza saa mbili. Mwenye desa la figo aniletee chumbani, nalirudisha Jumatatu.