Nani Aliua Dubu?

Neno lililonitesa mwaka jana katika mazoezi ya tafsiri halikuwa la falsafa wala la sarufi. Lilikuwa kofia.

Asistenti alitugawia karatasi yenye picha moja na maelezo yake kwa Kifaransa, mistari sita tu, tuyatafsiri kwa Kiswahili ndani ya wiki mbili. Picha ilikuwa nakala ya "The Roll Call", mchoro ambao Elizabeth Thompson, Mwingereza aliyejulikana baadaye kama Lady Butler, aliuonyesha London mwaka 1874 akiwa na miaka 27. Askari wa Grenadier Guards wamepangwa mstari kwenye theluji, wakati wa vita vya Crimea. Mapigano yamekwisha, sajini anaita majina ili ijulikane nani bado yupo. Mmoja ameanguka kifudifudi. Wamevaa makoti mazito, na vichwani mwao kuna vitu virefu, vyeusi, vyenye nywele nyingi. Maelezo yaliviita "bonnets à poil".

Mwenzangu wa benchi aliandika "kofia za manyoya", akafunga daftari. Nami niliandika hivyo hivyo, kisha jioni nikamsomea shangazi yangu tafsiri hiyo alipokuwa anachambua maharagwe. Akaniuliza: "Manyoya ya kuku?"

Swali lake lilikuwa halali kabisa. Kamusi zinasema manyoya ni ya ndege na ya mnyama pia, lakini nyumbani kwetu Bukavu masikio yanasikia ndege kwanza. Shangazi aliona kofia ya mcheza ngoma, nyepesi, yenye kupepea. Ile ya kwenye picha haipepei. Ile ambayo walinzi wa Uingereza wanaivaa mpaka leo ina kimo cha sentimita 46 hivi, na hushonwa kwa ngozi ya dubu mweusi wa Kanada, ngozi moja kwa kofia moja. Nikafuta manyoya, nikaandika "kofia za ngozi ya dubu", nikajiona mjuzi kwa siku mbili.

Tatizo ni kwamba dubu naye ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, likaja bila mnyama wake. Mlinganishe na chui. Kwa Kilingala ni nkoi, kwa Kikongo ngo, kwa Kiganda engo, kwa Kinyarwanda ingwe. Unasikia mzizi mmoja umetembea msituni pamoja na mnyama mwenyewe tangu zamani sana. (Kiswahili kiliasi kikasema chui, hilo tuliachie makala nyingine.) Dubu hana ukoo wa namna hiyo kwetu. Afrika iliwahi kuwa na dubu katika milima ya Atlas, nao walitoweka karne ya 19, lakini huko ni mbali sana na Ziwa Kivu. Darasani wengine walisema basi tuache neno la Kifaransa lilivyo. Sikutaka. Nimechoka kusikia kwamba Kiswahili chetu kinafaa sokoni na kanisani tu, kisha kikutane na kofia kishindwe.

Nikampelekea picha Koko, babu yangu mzaa baba, ambaye tunaishi naye. Alikuwa karani wa serikali zamani za Mobutu, na Kifaransa chake kinapita changu. Hata hivyo nilimsomea tafsiri kwa Kiswahili.

"Dubu njo nyama gani?" akauliza.

Nikamweleza: mkubwa kuliko nguruwe wa mwitu, anaweza kusimama kwa miguu miwili, anaishi kwenye baridi, ana manyoya mazito (hapo nilijikwaa tena). Koko akaisogeza karatasi karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu.

"Na nani aliua ile nyama? Kila soda aliua yake?"

Swali hilo halikuwa limenijia kabisa. Kwake lilikuwa swali la kwanza. Alinikumbusha kwamba kijijini kwao, zamani, mtu aliyeua chui hakubaki na ngozi. Aliibeba kwa Mwami, kwa sababu ngozi ya chui mwilini mwa mtu ilikuwa maneno, na maneno yale aliruhusiwa kuyasema mmoja tu. Kwa hiyo mtu akivaa mnyama, Koko hauliziI bei wala uzuri wake. Anauliza kama ana haki.

Ikanibidi nisome ili nimjibu. Grenadier, katika karne ya 17, alikuwa askari wa kurusha grenade kwa mkono. Jina la silaha hiyo ni jina la tunda: grenade kwa Kifaransa ni komamanga, kwa kuwa vilifanana kwa umbo na kwa mbegu zilizojaa ndani. Grenadier basi ni mrusha makomamanga. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Grenade ni neno ambalo mtoto wa Bukavu hahitaji kamusi kulielewa. Kofia za wakati ule zilikuwa na ukingo mpana uliozuia mkono usirushe vizuri, basi warushaji wakapewa kofia isiyo na ukingo, yenye kwenda juu. Walikuwa wanachaguliwa watu warefu, na kofia iliwaongezea urefu. Ngozi ya mnyama ilifuata. Mwaka 1768 mfalme wa Uingereza aliamuru grenadiers wake wavae ngozi ya dubu. Wafaransa nao walikuwa nayo, na Gadi ya Napoleon ndiyo iliyoipa sifa yake ya kutisha.

Mwaka 1815, huko Waterloo, Gadi hiyo ilivunjwa. Kikosi cha kwanza cha walinzi wa miguu wa Uingereza kikapewa zawadi mbili: jina la Grenadier Guards, na kofia ile ndefu kwa askari wake wote. Waliamini wamewashinda grenadiers wa Napoleon. Wanahistoria wanasema wale waliokuwa mbele yao jioni ile walikuwa hasa chasseurs wa Gadi, ila kofia ilikuwa imekwisha kutolewa, na haikurudishwa.

Nilimwambia Koko: hawakuua dubu, walishinda watu waliovaa dubu. Akacheka mpaka akakohoa. "Njo vile tu," akasema. "Njo vile tu siku zote."

Nikataka kumfurahisha zaidi, nikakosea. Nikamwonyesha kwenye simu mchoro wa Géricault wa mwaka 1812, ulioko Louvre: ofisa wa wapanda farasi wa Napoleon, farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Kichwani ana kofia ya manyoya ya aina nyingine, ambayo Wafaransa huiita colback, jina lililotoka kwa Waturuki, kalpak. Koko hakuitazama kofia. Alinyoosha kidole kwenye tandiko. Lilikuwa limefunikwa ngozi ya chui. Nikamwambia hata katika bendi za jeshi la Uingereza wapigaji wa ngoma kubwa wamekuwa wakivaa ngozi ya chui kifuani, ili kulinda nguo na kupendeza.

"Mupiga ngoma?" akauliza. Hakucheka.

Ndipo akanieleza jambo ambalo baba yangu pia hakuwa amelisikia lote. Koko havai kofia. Anakwenda kichwa wazi juani, kwenye mvua, kwenye mazishi. Sisi wajukuu tulidhani ni tabia ya uzee. Kumbe alikuwa na kofia ya madoa ya chui. Haikuwa ngozi. Ilikuwa kitambaa, imeshonwa na fundi wa sokoni, kwa kumwiga Rais, kama wengi walivyofanya miaka ile. Aliivaa kwenye sherehe na kwenye mikutano ya chama. Baba yake mwenyewe, aliyemjua Mwami wa zamani, alikataa kuketi naye meza moja siku alipoivaa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, bibi aliichukua bila kumwuliza akaitia kwenye babula chini ya sufuria. Watu walikuwa wanatazamwa vichwani, anasema Koko. Maharagwe ya siku ile yalinuka kitambaa, na waliyala.

Baada ya hapo nilirudi kwenye picha ya Thompson na kuiona tofauti. Umati uliokwenda kuitazama London ulikuwa mkubwa hata polisi akawekwa kuulinda mchoro, na mwishowe Malkia Victoria akauchukua. Mimi naona kilichowavuta ni kofia. Zimetengenezwa ili adui amwone askari kuwa jitu, na hapo ziko juu ya watu wanaosinzia wima, zimepinda kila moja upande wake, mstari wake haunyooki tena. Ukizivua kofia hizo mchoro unabaki wa watu wenye baridi tu. Leo Waingereza wanabishana kama waendelee kununua ngozi hizo, kila kofia zaidi ya pauni 2,000, au wavae manyoya ya kiwandani. Nilimwuliza Koko maoni yake. Alisema ya kiwandani nayo huungua, tena haraka zaidi.

Kwenye kazi niliyokabidhi niliandika: "kofia ndefu za ngozi ya mnyama aitwaye dubu". Nilipata 13 kwa 20. Pembeni ya "mnyama aitwaye" asistenti aliweka mstari mwekundu na kuandika kwamba maneno hayo hayamo katika matini asilia. Ni kweli, hayamo. Sikwenda kulalamika, lakini ningeandika tena vile vile.

Karatasi yenyewe sinayo. Koko aliiomba, akaibandika ukutani karibu na kitanda chake, na mara kwa mara ananiuliza kama yule aliyeanguka kwenye theluji aliitika jina lake.