Tanki lilivuja, lawama zikamwangukia utingo

Kwa wiki mbili baba mmoja wa Mwika, mkoani Kilimanjaro, aligombana na utingo wake. Jioni walijaza dizeli Himo, wakapanda na lori lao la ndizi kupitia Marangu hadi nyumbani. Asubuhi mafuta yalikuwa yamepungua.

"Mjomba, mimi sijagusa mafuta," kijana alirudia kila siku. Ni mtoto wa dada yake, lakini hakuaminiwa.

Mama wa nyumba ndiye aliyeujua ukweli. Alfajiri moja, akienda kukata majani ya ng'ombe, alinusa dizeli na kukuta udongo umelowa chini ya lori. Baba akatega beseni. Yaliyodondoka akayamimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiacha kibarazani.

Mchana binti yao wa miaka mitatu aliifungua akapiga funda.

Mtoto alikohoa hadi machozi yakamtoka. Bibi yake alikimbilia maziwa ili amtapishe, lakini jirani ambaye ni muuguzi akamzuia. Dizeli, kama mafuta ya taa na petroli, hudhuru zaidi ikiingia kwenye mapafu, na mtoto akitapika inapata nafasi nyingine ya kuingia huko. Walimvua nguo zilizolowa, wakamwosha kwa sabuni na kumpeleka hospitali pamoja na ile chupa. Alilazwa hadi kesho yake, kwa sababu shida ya kupumua huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Alirudi mzima.

Ndipo baba akamwita fundi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gari linalala wapi?" Linalala kwenye mteremko, kichwa kikitazama juu, hivyo mafuta yote yanaegemea nyuma ya tanki. Kwenye tambarare ya Himo halikuwahi kudondosha hata tone.

Fundi aliliosha tanki kwa sabuni, akalikausha na kulipaka unga wa chaki. Baada ya muda mstari wa unyevu ulijichora pembeni mwa mkanda wa chuma unaoshika tanki. Mpira wa chini ya mkanda ulikuwa umekwisha. Chuma kilisuguana na chuma, maji yakatuama hapo, kutu ikatoboa tundu dogo kama la sindano.

Baba alitaka lichomelewe palepale. Fundi alikataa. Tanki tupu hubaki na mvuke wa mafuta, na cheche moja inatosha kulilipua. Alilifungua, akaliosha mara kadhaa, akalijaza maji hadi karibu na tundu, ndipo akachomelea. Mwisho akaweka mpira mpya.

Mafuta yaliyomwagika si ya kuchezea. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki dunia.

Mzazi, usiweke mafuta kwenye chupa ya maji au soda, hata kwa dakika tano. Yaweke kwenye dumu lake, yafungie mbali na watoto. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mwahishe hospitali.

Jioni ile baba alimwita mpwa wake mbele ya familia nzima akamwomba radhi. Kijana aliitikia, "Yameisha, mjomba," kisha akaenda kuweka mawe nyuma ya matairi.