Kumi ya Nini?

Mwaka wangu wa pili wa kuwanoa maafisa ustawi wa jamii, nilimpeleka mwanafunzi Kilolo, Iringa, kwa bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Binti akafungua daftari.

"Shikamoo, bibi. Maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi?"

"Marahaba. Kumi ya nini, mjukuu wangu?"

Swali lilikuwa langu, nimelinakili kitabuni. Tangu siku hiyo natumia kiganja, kama wafanyavyo wahudumu wengi wa huduma shufaa Afrika: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni hayavumiliki. Bibi alinyoosha vinne, kisha akakunja kimoja alipokumbuka kuwa wageni hatujapewa chai.

Darasani nafundisha kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humhesabu mtu mzee kuanzia miaka 60. Hayo mwanafunzi huyakariri kwa siku mbili. Kinachomchukua mwaka ni kukaa: kwenye kigoda, simu imezimwa, hadi mgonjwa aanze mwenyewe. Bibi alipoanza, hakusema juu ya mwili wake. Aliuliza nani atabaki na mjukuu, kwa kuwa wazazi wa mtoto walikwisha kufariki kwa UKIMWI. Fomu yangu haikuwa na mstari wa swali hilo.

Miaka kadhaa baadaye tulikuwa Rungwe, Mbeya. Mzee alikuwa amerudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na chupa ya mofini ya kunywa. Wanawe waliificha darini wakihofia baba atakuwa teja. Mwanafunzi wangu, Mhehe, alisalimia kwa Kinyakyusa cha kubabaisha hadi mzee akacheka. Akawaeleza vijana kwamba dawa ile, ikipimwa na kunywewa kwa saa zake, si unga wa vijiweni. Ila hufunga choo, kwa hiyo wampe na ya kulainisha. Alieleza vizuri kuliko mimi. Kisha akateleza: "Utapona tu, babu."

Mimi ndiye niliyemfundisha kumpa mgonjwa matumaini. Sikuwahi kusema matumaini ya nini.

"Nitapona lini?" mzee akauliza. "Mwiteni mwanangu wa Tunduma. Nataka niwagawie ng'ombe wangu nikiwa bado nasema."

Mwanafunzi akanigeukia. Nikamwambia aombe namba ya simu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango.