Wimbo Uleule, Noti Mbili

Katika Tanga ya utoto wangu, miaka ya 1970, taarabu ilijaa mapenzi yasiyotajwa jina. Black Star na Lucky Star walikuwa na magita yao ya umeme, na Shakila binti Said alipoimba, redio iliongezwa sauti hata kwa jirani tuliyenuniana naye. Mpendwa alikuwa ua, ndege, tunda la juu mtini. Msaliti naye hakuwa mtu: alikuwa mwiba, au kikulacho. Sisi watoto tuliimba tu, hatukujua nani anamwimba nani.

Watu wazima walijua. Shangazi yangu alikuwa na shoga yake wa kufa na kuzikana. Sare walishona pamoja, nywele walisukana. Ukapita uvumi kuhusu mume wa shangazi na huyo shoga. Shangazi kimya. Kwenye harusi moja, ulipofika wimbo wa kumlalamikia rafiki, akainuka na noti yake kwenda kutunza. Mwimbaji hakuwa mbali, lakini shangazi akazunguka ukumbi, akacheza taratibu mbele ya kiti cha shoga yake, noti juu, macho kwingine kabisa. Shoga naye, sijui alipata wapi ujasiri ule, akainuka akautunza wimbo uleule! Wanawake wakapiga vigelegele. Nani angesema katukanwa? Siku chache baadaye nikawakuta wanapeta mchele, shangazi akilalamika kwamba ungo wa mwenzake umechakaa.

Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilikuwa na mambo mengine. Kikundi cha TOT na Khadija Kopa wao, kikundi cha Muungano na Nasma Khamis wao, na mashabiki wakagawanyika kama wa Simba na Yanga. Ndiyo mipasho hiyo. Shoga mwizi wa mume sasa aliitwa "wewe", akasomewa tabia zake moja baada ya nyingine. Mwenye noti hakuwa tena na la kuongeza, wimbo ulishamaliza. Wazee waliguna kwamba taarabu imevuliwa nguo. Waliguna kupita kiasi, kwa maoni yangu. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, katika wimbo wa "Kijiti" alimtaja muuaji kwa jina lake. Uwazi haukuanzia Dar.

Ila Siti alikuwa anasema jambo la mji mzima. Hili la shoga na shoga ndilo lililohitaji fumbo, maana kesho mtaazimana chumvi.

Sasa binti yangu hana haja ya harusi wala ukumbi. Mwezi uliopita alikata kipande cha wimbo wa bongo fleva, mstari mmoja tu wa rafiki kumzunguka rafiki, akakibandika kwenye WhatsApp yake chini ya picha aliyopiga na shoga yake. Hata kipofu angeelewa. Nikamuuliza, na mwenzako atajibu kwa wimbo gani?

"Ajibie wapi, mama? Akishauona tu, nambloku."