Likizo ya Tarakea: Siku ya Tatu Shika Jembe

Kila ifikapo wiki ya Krismasi, mabasi yatokayo Dar es Salaam huingia mkoani Kilimanjaro yakiwa yamesheheni watu wanaorudi nyumbani. Wale wa Rombo huiacha barabara kuu pale Himo, wakapanda Marangu, wakapita Mwika na Mkuu, hata wakafika Tarakea, mji wa mpakani ulioupa mlima mgongo na kuielekea Kenya. Ukishuka hapo jioni, baridi hukupokea kabla ya wenyeji wako.

Maneno haya yanamhusu hasa mama aliyetimiza miaka hamsini na zaidi, aliyezoea kukaa ofisini au dukani kutwa. Safari hiyo ni ya furaha, lakini ina mtego wake. Mama huyo huwekewa kiti, huletewa nyama choma na machalari, na mbege haikauki mbele yake. Chumvi, mafuta na pombe huongezeka wakati ule ule ambapo miguu imepumzika. Nao umri huo ndio ambao shinikizo la damu na kisukari huwanyemelea wengi, na mifupa hupungua nguvu kwa haraka baada ya hedhi kukoma.

Je, mama aikatae sherehe? La hasha! Na aende sokoni kwanza. Pale Tarakea atakuta maharage ya rangi nyingi, viazi, ndizi, mboga za majani na maparachichi. Wachuuzi wengine huvuka mpaka kutoka upande wa Loitokitok. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ni chakula cha kushibisha na kujenga mwili. Magadi tu yapunguzwe, kwa kuwa yana sodiamu kama chumvi. Mnafu na maziwa visikose mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nyama ya sikukuu na iliwe siku ya sikukuu. Si lazima irudi kila mlo. Na mbege, ijapokuwa hutokana na ndizi na ulezi, ni pombe.

Sasa tuje kwenye viungo. Shirika hilo hilo linashauri dakika zisizopungua 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Mwandishi wenu alifikia kwa mama mmoja aliyepita miaka sabini. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kata majani ya ng'ombe, akateka maji na kuwasha moto wa kuwapikia wageni wapatao ishirini. Wageni waliketi uani wakisifu hewa ya mlima impayo bibi nguvu. Usiku nilimkuta jikoni akisugua magoti.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi. Mkiondoka nitapumzika."

Jibu hilo lilinichoma. Tulikuwa tukitafuta mahali pa kunyoosha miguu, na kumbe mzigo uliotosha kutunyoosha sote ulikuwa kichwani pa mama mmoja. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi, dada yangu, usingoje kupewa. Beba ndoo nusu kama ndoo nzima hukuizoea, palilia migomba kihambani, nenda sokoni kwa miguu. Utokapo pwani, siku za kwanza panda polepole, kwa maana kule juu pumzi hukatika upesi. Kipimo ni hiki: uweze kuzungumza, ila kuimba kukushinde. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, uende kituo cha afya. Na dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache mjini, wala usizikatize kwa sababu ya sikukuu.

Siku ya kuondoka, zawadi ya kitenge ni njema. Lakini mwenyeji wako atakukumbuka zaidi kwa zile asubuhi alizolala hadi jua likachomoza, kwa kuwa majani ya ng'ombe ulikwenda kuyakata wewe.