Haigawanyiki

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimeandika ubaoni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Nikawaambia ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, umejuaje?" Nikamjibu kwamba Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772. Akanyamaza. Nimerudi nyumbani na swali lake, maana aliomba sababu, nami nikampa jina la mtu.

Jumatano, 5 Machi
Jina halitoshi. Mwaka 1644 Marin Mersenne alitaja vipeo ambavyo, kwa imani yake, vinatoa namba tasa za aina hii. Kwa 31 alipatia. Kwa 67 alikosea, na mwaka 1903 Frank Nelson Cole akavionyesha vigawo vyenyewe: 193,707,721 na 761,838,257,287. Mersenne alikuwa msomi wa kuheshimika, lakini namba haimwonei mtu haya.

Jumamosi, 8 Machi
Kipeuo cha pili cha namba yangu hakifiki 46,341. Kama ina kigawo, basi kilicho kidogo kuliko vyote kiko chini ya hapo. Bado ni maelfu ya namba tasa za kujaribu, na hapo ndipo Euler ananisaidia. Kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 62, lazima kibakize 1. Ukikigawanya kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Nimelifuata jambo hili hatua kwa hatua mpaka nikaliona mwenyewe. Kuanzia 249 kwenda juu, zinazopita chujio hilo ni 372 tu, na nyingi zinaanguka kwa kuwa si tasa: 249 ni 3 mara 83, 559 ni 13 mara 43.

Ya kwanza kusimama ni 311. Nimegawanya kwa mkono, kwenye daftari la miraba: 6,905,092, baki 35. Kisha 1,303, baki 226. Kisha 1,489, baki 199. Euler alipoifanya kazi hii macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa. Mimi nina macho mazima na taa, sina kisingizio.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwita binti yule ubaoni, nikampa 311. Aligawanya taratibu, akakosea kutoa mara moja, akafuta, akaanza upya. Mkono wote ulikuwa mweupe kwa chaki alipofika mwisho. "Imebaki 35, Mwalimu." Mara kila mtoto akataka namba yake. Nikaisoma orodha, tukagawana zilizosalia. Kesho waje na mabaki yao.

Kengele ilipolia nikamwuliza: "Hiyo 311 si kigawo. Umejuaje?"

Hakutaja jina la mtu. Aliinyooshea kidole ile 35.