Enzi za Kupiga Windows

Kabla mkongo wa intaneti wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, virusi vya kompyuta nyumbani kwetu havikupitia kwenye intaneti, kwa sababu intaneti yenyewe hatukuwa nayo. Vilikuja kwa flashi. Kompyuta ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtaa mzima ulijua ipo. Huyu anakuja na kadi za kamati ya harusi, yule anataka nyimbo mpya, mwingine ana barua ya kuombea kazi. Flashi iliyoshinda steshenari asubuhi na intaneti kafe mchana, jioni ilikuwa kwetu.

Windows XP nayo ilikuwa na ukarimu uliopitiliza. Ukibofya alama ya flashi ili uifungue, inatafuta kwanza kijifaili kiitwacho autorun.inf na kutii maelekezo yake. Kijifaili hicho kilibuniwa ili CD za programu zijifungue zenyewe, mtumiaji asihangaike. Wenye virusi wakauona mlango huo upo wazi. Kirusi kikishajiandika kwenye flashi pamoja na kijifaili chake, kazi iliyobaki ni yetu sisi ya kukitembeza mjini.

Vilikuwa na tabia zake. Brontok, kilichotokea Indonesia mwaka 2005, kilivaa picha ya folda ya njano. Unadhani unafungua folda, kumbe umeendesha programu. Kikishaingia, kinaiondoa ile sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, na ukijaribu kufungua rejista ya Windows ili ukifute, mashine inajizima na kuwaka upya mbele ya macho yako. Nilikuwa kijana, na ilinikera kama mtu aliyenifungia mlango nyumbani kwetu.

Fundi akiitwa, dawa ilikuwa moja.

“Mama, hii imeshashambuliwa sana. Tupige Windows tu.”

“Na picha za kipaimara cha huyu binti?”

“Ziko wapi?”

“Humo humo.”

Fundi alikuna kichwa, akatazama chai yake. Picha zile zilikuwa diski ya C, na kupiga Windows maana yake ni kuifuta diski hiyo yote na kuanza upya. Zilikwenda. Baada ya hapo mama aliagiza kila chenye thamani kihamie diski ya D, na akawa anakagua mwenyewe, miwani puani.

Kilichonitoa kwenye utegemezi wa mafundi ni bahasha ya posta. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure popote duniani; unajaza jina na sanduku la posta, unasubiri wiki kadhaa. Ukiwasha kompyuta kwa CD ile, Windows haiamki kabisa, na kirusi chake nacho kinabaki kimelala. Nikachomeka flashi ya jirani. Kwenye Windows ilikuwa ikionyesha nyimbo peke yake. Sasa naziona nyimbo, na pembeni yake autorun.inf, programu yenye jina la herufi zisizo na mpangilio, na programu nyingine mbili zilizobuniwa kuvaa sura ya folda. Vyote viko uchi. Nikavichagua kwa kipanya, nikabonyeza Delete, vikaondoka bila kelele. Canonical waliisitisha huduma hiyo mwaka 2011, na sidhani kama walijua wamefundisha watu wangapi Afrika jinsi kompyuta inavyofanya kazi.

Antivairasi tulikuwa nazo, usidhani. Shida ilikuwa chakula chake. Antivairasi isiyopata taarifa mpya inawajua maadui wa mwaka jana tu, na taarifa hizo zilipatikana intaneti. Kwa hiyo unakwenda kafe, unalipia saa, unapakua faili la taarifa, unaliweka kwenye flashi, na flashi hiyohiyo inabeba kirusi cha kafe hadi nyumbani pamoja na dawa yake.

Halafu kulikuwa na hili la Windows zetu kuwa za kuchakachua. Microsoft walitoa kiraka Oktoba 2008 cha kuziba tundu ambalo kirusi cha Conficker kililitumia mwezi uliofuata. Kiraka kilikuwa bure. Lakini mafundi wengi walizima masasisho kwa makusudi, maana sasisho likiingia lingeweza kuibaini Windows ya wizi na kukugeuzia kioo kuwa cheusi. Watu wanapenda kusimulia ujanja wa wadukuzi. Kwa niliyoyaona, ujanja haukuhitajika sana.

Baadaye kikaja kirusi cha shotikati. Mtu anafungua flashi, anakuta kila folda imegeuka kuwa na mshale mdogo pembeni, na jasho linamtoka kwa sababu ripoti ya mafunzo kwa vitendo imo humo na kesho ni siku ya kuwasilisha. Mafaili yalikuwa hayajafutwa, yalikuwa yamefichwa tu, na mshale ule unakiendesha kirusi kwanza kabla ya kukufungulia folda yako. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d g:\*.* na unabonyeza Enter. Kimya kidogo, kisha folda zinarudi moja baada ya nyingine. Mstari huo niliuandika sana kiasi kwamba vidole vinaukumbuka hadi leo. Nimeona mtu mzima, mwajiriwa wa serikali, akinishika mkono kwa mikono miwili.

Mambo yalibadilika polepole, bila mtu kutangaza. Februari 2011 Microsoft waliifunga autorun kwenye flashi kwa sasisho la kawaida. Windows 8 ya 2012 ikaja na antivairasi yake ndani. XP ikaachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014. Na flashi zenyewe zikaanza kukaa kwenye droo, watu wakawa wanatumiana nyimbo na barua kwa WhatsApp. Mafundi wa kupiga Windows wakahamia kwenye vioo vya simu.

Virusi vya siku hizi havina mzaha. Mpwa wangu anayesoma chuo alitaka programu ya takwimu kwa ajili ya utafiti wake, akapewa na mwenzake iliyochakachuliwa. Ndani yake mlikuwa na STOP, kirusi kinachofunga mafaili kwa ufunguo na kudai fidia. Kila sura ya utafiti ilikuwa na herufi ngeni mwishoni mwa jina, na hakuna attrib ya kuifungua. Kukiondoa kirusi chenyewe ni dakika chache. Mafaili ndiyo kazi.

Ila kirusi hiki kina kasoro moja: kisipoweza kuwasiliana na seva yake, kinatumia ufunguo mmoja uleule kwa kila aliyeshambuliwa na toleo hilohilo katika hali hiyo, na kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 programu ya bure inayofungua mafaili ya namna hiyo ikiwa ufunguo umeshapatikana. Nikatazama ile namba ya utambulisho kwenye barua ya madai. Iliishia na t1, alama ya ufunguo huo wa pamoja.

“Ulipoifungua hiyo programu, ulikuwa na bando?”

“Lilikuwa limekwisha, anko.”

Ufunguo ulikuwemo kwenye orodha yao. Sura zote zilirudi jioni hiyo. Alizinakili, akashukuru, akafunga begi, kisha akageuka mlangoni.

“Anko, sasa ile programu ya takwimu nitaipata wapi?”